Kutoka Rogers Park hadi Davis kwa Miguu

Mchungaji alipotuomba tuandike habari ya imani yetu kwa ajili ya kitabu hiki, tulikataa mara mbili. Hatukukataa kwa unyenyekevu. Jambo tulilokuwa nalo la kueleza lilitokea siku ambayo hatukuweza kuomba, na tulidhani kitabu cha imani kinataka siku ya namna nyingine. Mara ya tatu alituambia tuandike hiyo hiyo. Basi, washarika wapendwa, hii hapa. Tumeiandika pamoja mezani, mume na mke, watoto wakiwa wamelala. Pale tulipobishana jinsi mambo yalivyokuwa, tumeandika lile tu ambalo wote wawili tunalikumbuka.

Ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa Oktoba. Mama alikuwa anazikwa siku hiyo saa tisa alasiri nyumbani kwake, kihambani, upande wa Machame, mlimani Kilimanjaro. Mwezi huo Chicago iko nyuma ya Tanzania kwa saa nane, kwa hiyo saa tisa alasiri ya kule kwetu huku ilikuwa saa moja asubuhi. Mama huyo alikuwa mzazi wa mmoja wetu na mkwe wa mwingine. Hatutasema ni wa nani, kwa sababu yeye mwenyewe hakutofautisha. Alipopiga simu aliongea na yeyote aliyepokea, na aliyekuwa jikoni alitakiwa aache sufuria aje asalimie.

Tuliegemeza simu kwenye chupa ya chai. Upande wa pili mpwa wetu ndiye aliyeshika simu. Tuliona migomba, tukaona maturubai, tukaona kwaya ya kina mama aliyoimba nayo miaka mingi wamevaa vitenge vya sare. Tukaliona jeneza tulilolilipia bila kulichagua. Mchungaji akaanza kusoma, sauti ikawa inakatika. Walipoanza kuliteremsha jeneza, picha ikaganda. Iliganda kwenye kiwiko cha mtu: koti la kijivu, na mkono umeshika kamba. Tulikitazama kiwiko hicho kwa dakika 11. Mtandao uliporudi kaburi lilikuwa limeshafukiwa, vijana wanasawazisha udongo kwa majembe, na watu wamepanga mstari kunawa mikono kwenye ndoo yenye bomba.

Mnajua mazishi ya kwetu yalivyo. Watoto wa marehemu ndio wanaotangulia kutupa udongo. Tuliambiwa baadaye kwamba jina letu liliitwa kwenye kipaza sauti, ikatangazwa kuwa tuko Marekani, na shangazi akasogea akatupa udongo kwa niaba yetu.

Hatukwenda kwa sababu ya karatasi. Ombi letu la ukaazi lilikuwa bado linashughulikiwa, na wengi wenu mnalijua kusubiri huko. Mtu akitoka nchini katika hali hiyo bila kibali cha kusafiri, huhesabiwa kuwa ameliacha ombi lake. Kibali tulikuwa tumekiomba, lakini kilikuwa hakijatoka. Mama alifariki Jumatatu. Usiku wa Jumanne mmoja wetu alisema, "Twende. Mungu atafungua njia ya kurudi." Mwingine akasema, "Na watoto je?" Tulibishana jikoni hadi saa nane usiku. Huyo wa pili akashinda, na ushindi wake ukabaki ndani ya nyumba kama moshi wa kuni mbichi. Kuanzia Jumatano tulisemezana mambo ya lazima tu: zamu za kazi, chakula cha watoto, kiasi cha kutuma nyumbani.

Alhamisi ndugu mmoja katika imani alitutumia kwa simu habari ya yule mtu wa Luka sura ya 9, aliyemwomba Yesu ruhusa ya kwenda kwanza kumzika baba yake, na jibu alilopewa. Aliituma kwa nia njema, ili tusijilaumu. Mmoja wetu aliisoma akaitupa simu kitandani. Yule mtu wa Luka alikuwa ameitwa na Bwana mwenyewe, tena uso kwa uso. Sisi tulizuiwa na fomu. Tukaanza kuogopa kwamba tumechagua fomu tukaiita busara, na kwamba Mungu analijua hilo. Huo ndio wakati ambapo kila mmoja wetu, peke yake, alijaribu kuomba akashindwa.

Jioni ya Jumamosi ushirika ulikuwa unakuja nyumbani kutupa pole. Tulitegemea watu 60 hivi, Watanzania, Wakenya, na ndugu zetu wengi wa Kongo wanaokaa Rogers Park kama sisi. Masufuria makubwa ya ushirika yalikuwa yamebaki kwa familia moja kule Wilmette tangu harusi ya Agosti. Familia hiyo ilikuwa tayari kutuletea kwa gari. Lakini baada ya asubuhi ile hakuna kati yetu aliyetaka kukaa ndani, tukasema tutayafuata wenyewe kwa treni. Watoto tuliwaacha kwa jirani.

Tulifika kituoni Rogers Park, pale barabara ya Lunt, treni ikiwa inaondoka. Hatukuikimbilia. Kwa wasioijua, njia hiyo hutoka katikati ya jiji ikapanda kaskazini kufuata upande wa Ziwa Michigan hadi Kenosha, jimbo la Wisconsin. Ina jambo moja ambalo sisi wa Tanzania na Kenya hulipenda: treni zake hupita kushoto, kama magari ya kwetu, wakati magari ya nchi hii yote hupita kulia. Ni desturi iliyorithiwa kutoka kampuni ya reli ya zamani iliyoitwa Chicago and North Western. Mama tulipomweleza hayo alicheka, akasema kumbe huko tulikofika wapo watu wenye akili.

Jumamosi treni huwa chache. Iliyofuata ilikuwa baada ya karibu saa nzima. Mmoja wetu akasema, "Tutembee mpaka kituo kinachofuata, tupandie huko." Ilikuwa sentensi ya kwanza tangu Jumatano isiyohusu watoto wala fedha.

Kituo kinachofuata ni Main Street, mji wa Evanston, mwendo wa maili mbili hivi. Tulishika barabara ya Clark kwenda kaskazini. Ni barabara ya watu wanaofanya kazi: mikate ya Wameksiko inanukia tangu mbali, maduka ya simu, mahali pa kufulia nguo kwa sarafu, makanisa madogo ndani ya vyumba vilivyokuwa maduka. Kelele zilituzidi. Tukakata mtaa wa pembeni wenye nyumba za kuishi, tukiliona kwa mbali tuta la reli.

Huko majani yalikuwa yamefikia kilele cha rangi. Wa siku nyingi hapa mmeshazoea. Sisi mwaka wetu wa kwanza tulidhani miti ya mtaani ina ugonjwa. Kihambani hakuna majira ya miti kuwa mitupu. Migomba, mibuni na masale hubaki kijani mwaka mzima. Tulipomtumia mama picha ya mtaa wetu mwezi wa Novemba, aliuliza moto ule ulianzia nyumba ya nani. Mwalimu wa mtoto wetu ndiye aliyetufafanulia kwamba mti wenyewe huziba njia ya maji pale jani linaposhikana na tawi, ukijiandaa kwa baridi. Ukijani ukiondoka, unjano unaoonekana ulikuwamo ndani ya jani tangu mwanzo wa kiangazi. Tulimweleza mama hayo pia. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama tunavaa soksi.

Kitu ambacho hatukuwa tumejiandaa nacho ni makaburi. Mnajua jinsi watu wa hapa wanavyopamba nyumba zao mwishoni mwa Oktoba. Mbele ya nyumba moja kulikuwa na mifupa ya plastiki imekaa kwenye kiti, na mbele ya nyumba nyingine mawe ya makaburi ya bandia yamepangwa kwenye majani, na mkono wa mpira unatokeza ardhini. Tunajua ni mchezo wa watoto, na watoto wetu nao huzunguka kuomba peremende. Hatuna ugomvi na majirani. Lakini saa nne zilikuwa hazijapita tangu kaburi la mama kufukiwa. Upepo ulikuwa umeliangusha moja ya mawe yale. Mmoja wetu, bila kufikiri, aliinama akalisimamisha. Lilikuwa jepesi kama godoro.

Ukishavuka barabara ya Howard umetoka Chicago umeingia Evanston, na barabara ya Clark hubadilika jina ikawa Chicago Avenue. Baada ya hapo, upande wa kulia, liko lango la mawe la makaburi ya Wakatoliki yanayoitwa Calvary, yaani Kalvari. Yalifunguliwa mwaka 1859. Mmoja wetu hufanya kazi ya kumtunza mzee wa Evanston ambaye babu zake wamelala humo, na mzee huyo hupenda kusimulia. Yeye ndiye aliyetuambia kwamba zamani, barabara zilipokuwa mbaya, wafiwa wa Chicago walikuja na jeneza lao kwa treni. Hata treni ya mjini, ile ya reli ya juu, ilikuwa na kituo kilichoitwa Calvary, hadi kilipofungwa mwaka 1931 na kuwekwa badala yake South Boulevard, mbele kidogo. Tulikuwa tumepita lango lile mara nyingi kwa basi. Siku hiyo tuliingia.

Kwa mbali mashariki, makaburi yanapoishia, unaona maji ya ziwa kama utepe. Majina mengi kwenye mawe ni ya Waayalandi, watu ambao nao walihama kwao na wengi hawakurudi kuzika. Hilo tumelifikiria baadaye. Wakati ule tulikuwa tunatembea tu.

Kulikuwa na mazishi yanaendelea, watu 20 hivi wamevaa nyeusi. Tulisimama mbali, chini ya mti. Jeneza lilikuwa juu ya kaburi, limewekwa kwenye fremu, na lundo la udongo pembeni lilifunikwa kwa zulia la kijani, kana kwamba udongo ni aibu. Padre akamaliza. Wakaweka maua juu ya jeneza, mmoja mmoja, wakakumbatiana, wakaenda kwenye magari. Jeneza lilibaki pale pale juu, halijateremshwa. Hatukuelewa. Kwetu hakuna anayeondoka kabla kaburi halijafukiwa. Vijana hupokezana majembe, kwaya inaimba mpaka koleo la mwisho.

Magari yalipotoka walikuja wafanyakazi wawili waliokuwa wamesubiri mbali karibu na mashine. Waliliteremsha jeneza taratibu, wakalifunika kwa mfuniko wa zege. Mmoja akapanda mashine, akaiwasha.

Hatujui ni nani kati yetu aliyeanza kwenda. Tulijikuta tumefika. Yule mfanyakazi mwingine, mtu mzima wa miaka 50 hivi, alidhani sisi ni wa familia tumechelewa. Akauliza. Tukamwambia hapana, hatumjui marehemu. Tukasema, "Mama yetu amezikwa leo, mbali sana, na hatukuwepo." Kiingereza chetu na chake vyote vilikuwa vya kuokoteza, na labda ndiyo sababu maneno yalitoka. Hatukuwa tumeyasema kwa Kiswahili, wala kwa Kichagga, wala kitandani usiku.

Akamwashiria mwenzake azime mashine. Akauliza ni wapi. Tukasema Tanzania, Afrika. Akasema wa kwake yuko Michoacán, Meksiko, mwaka wa sita sasa, na yeye pia hakuwepo. Alitaja tarehe, akataja na siku ya juma. Kisha akalivuta lile zulia la kijani pembeni, akarudi nyuma hatua mbili, akavua kofia.

Tulichukua udongo. Wa kule ni mweusi, mzito, wenye ubaridi unaoingia kwenye vidole. Wa kwetu mlimani una rangi ya kahawa. Tulitaja jina la mama, tukatupa. Ulisikika kwenye zege kama mtu anayebisha hodi kwa kiganja. Tukatupa tena, mara ya pili na ya tatu. Tukainamisha vichwa. Hatukuomba, maana hatukuwa na neno hata moja. Yule bwana alifanya ishara ya msalaba, na tunadhani aliifanya kwa niaba ya wote waliokuwa pale, pamoja na yule aliyekuwa chini.

Je, tulifanya vizuri? Hatuna hakika hadi leo, na hatutaki kuwaficha hilo. Familia ile haikutualika. Waliondoka kwa desturi yao, nasi tukaingia katika msiba wao kama mtu anayeingia nyumba ya watu kupitia mlango wa nyuma. Ibrahimu alipokuwa mgeni katika nchi ya Kanaani, akafiwa na Sara, hakujichukulia kaburi. Alisimama mbele ya wenyeji wa nchi, akainama, akaomba, akawapimia fedha shekeli 400. Sisi tuliomba kwa mtu wa mashine, ambaye naye ni mgeni. Linalotutuliza ni kwamba hatukuchukua kitu. Udongo ule ulikuwa wa kaburi lile, na ulirudi kaburini mle mle.

Tulipotoka langoni hatukusemezana, ila kunyamaza kule hakukuwa kule kwa asubuhi. Tulipita South Boulevard, tukatembea na reli ikiwa kushoto kwetu, majani makavu yamejaa pembezoni mwa barabara hadi kwenye vifundo vya miguu. Kituoni Main Street tukapanda ngazi, tukakaa kwenye benchi na mikono yetu michafu tumeiweka magotini. Bado dakika chache treni ifike.

"Nilikuwa nataka ukosee," mmoja wetu akasema. "Tangu Jumanne nilikuwa nataka ukosee, ili nipate wa kumlaumu."

Mwingine akakaa muda. "Na mimi nilikuwa nataka kuwa sahihi. Nikashughulika na kuwa sahihi mpaka nikasahau kulia."

Basi pale ndipo tulipolia, treni ikaingia, ikafungua milango. Kondakta alichungulia nje akatungoja kidogo. Tukampungia mkono aende. Watu hulia vituoni, nadhani hatukuwa wa kwanza kuonwa naye.

Kituo cha Davis kiko maili moja tu mbele. Tukaenda kwa miguu tena, na safari hii tulizungumza. Tulizungumza habari za mama zaidi kuliko za kosa letu: alivyokataa kupewa lifti kwenda ibadani, akidai kwamba anayeteremka kwenye gari mlangoni pa kanisa anafika kabla ya roho yake, alivyotuletea mtori kwenye chupa ya chai mtoto wa kwanza alipozaliwa, safari ya basi kutwa nzima, na chupa ameipakata kama kichanga. Tukarudi pia kwenye jambo la Luka. Mmoja wetu alisema huenda Yesu alimjibu vile mtu yule mmoja, aliyekuwa anatafuta sababu ya kuchelewa, na wala hakuwa anawajibu wote waliofiwa. Maana yeye mwenyewe, akiwa msalabani, alihangaikia mahali pa kumwacha mama yake. Mwingine alisema hajui, lakini angependa iwe hivyo. Tuliliacha hapo.

Wenzetu Wachagga mnalijua jani la sale. Kwa wengine tueleze kidogo: ni mmea wa kijani tunaoupanda mipakani mwa kihamba na makaburini, na aliyemkosea mwenzake humpelekea jani lake kuomba msamaha. Ukiletewa sale si rahisi kukataa. Asubuhi ile kwenye simu tuliona masale karibu na kichwa cha kaburi. Sasa, kabla ya kufika Davis, mmoja wetu aliokota jani kutoka chini, la mti ule ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada, jekundu lote isipokuwa mishipa. Akalinyoosha bila kusema neno.

"Hili si sale," mwingine akasema.

"Ndilo lililopo."

Likapokelewa, likaingia mfuko wa koti. Usiku tulilikuta limekuwa vipande vipande.

Wahubiri mliomo humu, mkisikia watu wawili njiani wanaongea habari za kifo, najua mnakimbilia Emau. Nasi tuliikumbuka. Lakini hatuwezi kushuhudia kwamba mioyo yetu iliwaka. Kilichowaka ni nyayo, maana viatu tulivyovaa ni vya kukaa kwenye treni.

Kuna habari moja ya mji huo wa Evanston tunayotaka kuitaja, kwa kuwa ilituingia vizuri zaidi kuliko Emau. Mwezi wa Agosti 1954, Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilifanya hapo mkutano wake mkuu wa pili, katika Chuo Kikuu cha Northwestern, ambacho Wamethodisti walikianzisha mwaka 1851. Mada kuu ilikuwa kwamba Kristo ndiye tumaini la ulimwengu. Walikuja watu wazito wa imani kutoka kila bara, na wakatofautiana juu ya tumaini lenyewe. Wengi wa Ulaya walisisitiza kwamba tumaini la Mkristo ni lile la mwisho, Bwana atakaporudi. Wengi wa Marekani walisisitiza tumaini linaloshughulika na maisha ya sasa, la kutengeneza yaliyoharibika hapa. Wote walikuwa wanamtaja Kristo yule yule.

Sisi hatukusomea theolojia, lakini ubishi huo tuliutambua. Ulikuwa umefanyika jikoni kwetu usiku wa Jumanne. Mmoja alisema tuondoke, Mungu atafungua njia. Mwingine alisema tukae, Mungu ametupa watoto tuwatunze. Tangu usiku ule kila mmoja alimwona mwenzake kuwa ndiye aliyeiacha imani. Tulipokuwa tunakaribia Davis tuliambizana hivyo waziwazi, na tulipoyasikia maneno yenyewe yakitoka hewani, yalikuwa madogo kuliko tulivyoyabeba.

Davis tulipanda treni. Ni vituo viwili tu hadi Wilmette. Wenyeji wetu walitupa chai na mkate, na waliposikia tunataka kurudi na masufuria kwa treni wakatucheka, wakatutia kwenye gari.

Jioni nyumba ilijaa. Wengi wenu mlikuwepo, viatu vimefika hadi kwenye ngazi. Mzee wa kanisa akatuomba tueleze habari za mazishi, kama ilivyo desturi. Tukaeleza tulichokiona kwenye simu. Tulipofika kwenye kile kiwiko tukakwama, tukajikuta tunaeleza na ya Calvary. Chumba kikawa kimya. Mzee akauliza, kwa upole lakini akauliza, "Sasa hapo mlikuwa mnamwombea marehemu msiyemjua?" Tukasema hatukuomba kabisa. Akatikisa kichwa. Tuliona hakuridhika, na ana haki yake. Tangu hapo tumeongea naye mara mbili, na jambo hilo bado liko kati yetu, kwa amani.

Mama mmoja wa Bukavu, ambaye muda wote alikuwa jikoni na wenzake, alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Akauliza kwa Kiswahili cha kwao, "Sasa kiisha kutupa udongo, mulinawa?"

Tukamwambia ndiyo, kule Wilmette, kwenye sinki, kabla ya kunywa chai.

"Iyo ni ya chai," akasema.

Akarudi jikoni, akaja na beseni na jagi. Akatuambia tusimame pamoja, tunyooshe mikono. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Alimimina polepole, mara tatu, hakusema kitu, na kina mama waliokuwa sakafuni wakaanza kuimba chini chini. Kwenye kucha zetu udongo ulikuwa bado upo, tukauona ukiondoka na kutua chini ya beseni.

Karibu na mlango alikuwa amekaa baba mmoja wa Kenya, aliyefiwa na mama yake mwaka 2020, wakati viwanja vya ndege vilipokuwa vimefungwa. Alisimama, akakunja mikono ya shati, akaja akasimama nyuma yetu. Yule mama akamtazama, akamwita mmoja wa watoto, akamwambia aongeze maji.